Dakika 45 za Kigoma: jibu kwa mchungaji aliyealikwa kufundisha kwenye kongamano

SWALI: Shikamoo Mchungaji. Mimi ni mchungaji mwanamke wa usharika mdogo wa kijijini mkoani Tabora, huu ni mwaka wa nne tangu nibarikiwe. Nimealikwa kufundisha kwenye kongamano la watumishi wa makanisa mbalimbali huko Kigoma, siku tatu, watu kama 600. Nimepewa dakika 45, siku ya pili, baada ya chakula cha mchana. Mada ni "Mtumishi na familia yake". Kutakuwa na mkalimani wa Kirundi, kwa kuwa watakuja watumishi kutoka Burundi na wengine kutoka kambi ya Nyarugusu. Mwaka jana nilisema kwenye kongamano la vijana nikapotea katikati, nikasimama karibu dakika nzima bila neno, na aibu ile haijanitoka. Sasa nina hoja 5 na kurasa 12. Je, nisome au niseme kutoka kichwani? Na hofu hii niifanyeje?

JIBU: Marahaba, mwanangu, na hongera. Nimeisoma barua yako mara mbili. Mara ya kwanza niliona maswali yako, mara ya pili nikaona swali ambalo hukuuliza, nalo ndilo nitakaloanza nalo: ni akina nani watakaokuwa wameketi mbele yako?

Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya watu waliokuwa wakikimbia vita vya Kongo, na kuanzia 2015 ikapokea Warundi kwa maelfu. Kwa hiyo katika ukumbi wako watakuwemo wachungaji na wainjilisti waliotoka kwao usiku, wakavuka ziwa au mpaka, na wengine wao walipotezana na watu wao njiani. Wewe umepewa mada ya familia. Nina hakika mahali fulani katika kurasa zako 12 umeandika jambo kama hili: mtumishi, rudi nyumbani mapema ukale na wanao. Ni neno jema. Lakini mstari wa tatu kutoka mbele ameketi mzee ambaye hajui mwanawe wa kwanza yuko wapi. Sikuambii ulifute. Nakuambia ujue kwamba yupo, na katika dakika zako liwepo neno lake pia.

Haya sikuyasoma kitabuni. Mwishoni mwa miaka ya tisini nilifundisha kwenye kongamano la akina mama kuhusu baraka za wazazi. Katikati ya somo nikawaomba wote ambao mama zao wako hai wasimame tumshukuru Mungu. Walisimama kama nusu. Nikaomba kwa sauti kubwa, kwaya ikaimba, nikajiona nimebarikiwa. Jioni mzee wa kanisa mmoja akanivuta pembeni, akanieleza kwamba wanne katika wale waliobaki wameketi walikuwa wamezika mama zao mwaka huohuo, na mmoja alitoka nje wakati wa maombi, akachukua mkoba wake, akaenda stendi. Sikumpata tena. Tangu siku ile sijamwambia mtu yeyote asimame kabla sijajua nani atabaki ameketi.

Dawa yake ni rahisi, inataka muda tu: usifike Kigoma siku ya somo lako. Fika siku ya kwanza asubuhi, au jioni ya kuamkia siku hiyo ikiwa treni itakuruhusu. Watakuwekea kiti mezani kwa wageni waalikwa. Salimia, shukuru, kisha omba ruhusa ukaketi huku nyuma na watu. Wakati wa chakula panga foleni yao, ule dagaa pamoja nao, na uulize maneno matatu tu: umetoka wapi, umekujaje, umeacha nani nyumbani. Hilo la tatu ndilo somo lako lenyewe. Majibu kumi ya swali hilo yatakufaa kuliko kurasa zako zote 12. Na kuna faida nyingine ambayo wahubiri hatuisemi: ukisimama siku ya pili, nyuso 600 zitakuwa na nyuso kumi unazozijua. Macho yako yatapata pa kutua.

Mwombe katibu akupe ratiba nzima, si saa yako peke yake. Makongamano yetu mengi, hata kama hatukumbuki, yamefuata mtindo wa Keswick, mji mdogo wa Uingereza ambako mkutano wa namna hii ulianza mwaka 1875 chini ya turubai. Kule kila siku ilikuwa na jambo lake, na jambo la leo lilijengwa juu ya la jana. Ndugu wa Uamsho wa Afrika Mashariki, vuguvugu la toba lililowaka Gahini nchini Rwanda katika miaka ya 1930 na kuenea Uganda, Tanganyika, Kenya na Burundi, waliurithi mtindo huo katika mikutano yao mikubwa. Wasemaji walikutana, wakaomba pamoja, wakasikilizana kabla ya kupanda jukwaani. Siku hizi msemaji anashuka kwenye gari saa yake ikifika, anasema, anaondoka, na wa baada yake anarudia hadithi ileile. Uliza basi: siku ya kwanza wanafundishwa nini? Anayenitangulia asubuhi anasema nini? Kama asubuhi ya siku ya pili kuna somo la toba, watu watafika kwako wakiwa wamelia na kushiba. Huwezi kuwaongezea uzito juu ya uzito.

Sasa tuzihesabu dakika zako, maana hapa ndipo wengi huanguka. Umepewa 45. Baada ya chakula watu hawarudi kwa wakati, na kwaya itaimba wimbo mmoja kuwaita ndani. Mshereheshaji atakutambulisha. Wewe utasalimia "Bwana Yesu asifiwe", utaitikiwa kwa Kiswahili, kisha kwa Kirundi. Ukianza kumtaja askofu mmoja mmoja na mgeni mmoja mmoja, umekwisha. Sema itifaki imezingatiwa uendelee. Hata hivyo, hesabu kwamba zimebaki 38. Nusu ya hizo ni za mkalimani. Zako ni 19.

Dakika 19, mwanangu. Kurasa 12 haziingii humo hata ukikimbia, na ukikimbia mkalimani hatakufuata. Mimi niliwahi kupewa dakika 40 nikasema 70, watu wakinishangilia. Aliyenifuata alikuwa mama mzee, mwinjilisti, aliyesafiri kwa basi siku mbili kuja kutoa ushuhuda wake wa kuanzisha mtaa mahali ambapo hapakuwa na kanisa. Alibakiwa na dakika nane, naye kwa heshima yake alisema tano. Nilikula muda wa mama yule, na sikuweza kuurudisha.

Kwa hiyo hoja 5 zikuache. Umeniandikia kwamba ni maombi ya familia, matumizi ya fedha, muda na watoto, kusameheana na mwenzi, na mfano mwema mbele ya usharika. Kila moja ni semina. Chagua moja, na ningekuwa wewe ningechagua ile ya nne, kusameheana, kwa sababu ndiyo pekee anayoweza kuitumia hata yule ambaye familia yake haipo naye. Aliyepotezana na mkewe hawezi kula naye leo, lakini huenda bado anabeba maneno waliyoachana nayo usiku ule. Fedha na ratiba ni za mwenye nyumba. Msamaha anabeba hata asiye na nyumba. Andika hoja yako kwa sentensi moja ambayo mtoto wa kipaimara anaweza kuirudia jioni. Kwa mfano: "Anayehubiri msamaha madhabahuni aanze kuuomba jikoni kwake." Hiyo si lazima iwe yako; tafuta yako. Lakini kama huna sentensi hiyo, somo bado halijaiva, hata kama lina kurasa 12.

Sasa mkalimani. Nitakaa hapa kidogo kwa sababu wahubiri wengi humtendea kama kipaza sauti chenye miguu.

Katika Nehemia sura ya 8, Ezra anapanda mimbari ya miti kuisoma torati, lakini kazi haiishi kwa Ezra. Walawi wanawaeleza watu maana mpaka wanaelewa, na ni baada ya kuelewa ndipo watu wanalia. Hapa kwetu, mwaka 1960, mhubiri Mmarekani Billy Graham alipohubiri Moshi, aliyesimama kando yake kutafsiri kwa Kiswahili alikuwa Festo Kivengere wa Kigezi, Uganda. Kiswahili hakikuwa lugha ya mama yake. Lakini alikuwa amefundisha shule Dodoma kwa miaka kadhaa, alijua watu wa Tanganyika wanaongeaje, na mwenyewe alikuwa mhubiri wa Uamsho. Baadaye akawa askofu, na mwaka 1974 alikuwa miongoni mwa wasemaji kwenye mkutano wa dunia wa uinjilisti uliofanyika Lausanne kule Uswisi. Ndiyo kusema mkalimani mzuri ni mhubiri wa pili wa somo lilelile. Umati ule ulisikia Injili kwa sauti ya Kivengere.

Mtafute mkalimani wako siku ya kwanza. Jua jina lake na umwite kwa jina jukwaani. Keti naye nusu saa. Mpe orodha ya mafungu yote utakayosoma, ayaweke tayari katika Biblia yake ya Kirundi, asije akalazimika kutafsiri Maandiko papo hapo kutoka kwenye midomo yako. Msimulie hadithi utakayoisimulia, hadi mwisho wake, ajue inakwenda wapi. Msomee ile sentensi yako moja na umwombe aiseme kwa Kirundi mara mbili tatu, mpaka yeye mwenyewe aipende. Kisha umuulize: katika haya niliyokueleza, lipi kwenu halitaeleweka, au lipi litawaumiza watu? Atakuambia. Mara mbili katika maisha yangu nimeondoa hadithi nzima kwa neno la mkalimani, na mara zote mbili alikuwa sahihi.

Jukwaani, mpe wazo zima. Usikate sentensi katikati ukamwachia kipande kama "Na ndiyo maana sisi watumishi..." halafu ukanyamaza. Afanye nini na kipande hicho? Sema sentensi fupi iliyokamilika, nyamaza, mwangalie amalize, ndipo uendelee. Usimkatize kwa "amina". Methali zipunguze. "Haba na haba hujaza kibaba" ni tamu kwetu kwa sababu ya mlio wake, na mlio hautafsiriki. Kitakachofika upande wa pili ni habari ya kipimo cha nafaka, na watu watatikisa kichwa kwa adabu. Kama mkalimani ana methali ya kwao inayobeba maana hiyo, mwache aitumie.

Halafu wapo Wakongo, ambao hawatahitaji mkalimani lakini Kiswahili chao si cha Tabora. Ndugu wa Kivu watakuambia "batu" na "bintu" pale unaposema watu na vitu. Watakuelewa ukisema taratibu na kwa maneno ya nyumbani. Lugha yetu ya vikao, michakato na mikakati na wadau, iache kwenye vikao. Na kale kamtindo ka "mwambie jirani yako" kaache pia. Mkalimani akiingia kati, nusu ya ukumbi inageuka kumwambia jirani wakati nusu nyingine bado inasubiri kujua la kumwambia, na wewe umepoteza dakika moja katika zile 19.

Umeuliza: kusoma au kutoka kichwani? Andika somo lote, neno kwa neno, kwa ajili yako mwenyewe. Lisome kwa sauti ukiwa peke yako, ukitumia saa, ukinyamaza baada ya kila sentensi kwa muda ambao mkalimani angeutumia. Likizidi, kata. Kisha lipunguze liwe ukurasa mmoja, na ukurasa uwe kadi ya karatasi nene yenye maneno kama kumi yaliyoandikwa kwa herufi kubwa. Kadi ndiyo upande nayo. Kurasa 12 zibaki kwenye mkoba, zimeshafanya kazi yake kichwani mwako. Lakini sentensi tatu za kwanza na tatu za mwisho zijue kwa moyo kama unavyoijua Sala ya Bwana. Za kwanza, kwa sababu hofu iko pale. Za mwisho, kwa sababu asiyejua atamalizia wapi huzunguka kama ndege inayotafuta uwanja. Usiandike kwenye simu. Itazima, au itaita.

Kuhusu hofu, sitakuambia iondoe. Paulo anawaambia Wakorintho waziwazi kwamba alikuwa kwao katika udhaifu, na hofu, na kutetemeka. Mimi mikono bado hunitetemeka, ndiyo sababu nakuambia karatasi nene. Karatasi nyepesi hutangaza mtetemeko kwa ukumbi mzima. Hofu yako ya mwaka jana nadhani haikutokana na watu. Ilitokana na kubeba mambo mengi kuliko mikono yako. Mwenye hoja 5 akiangusha moja huanza kuitafuta mbele ya watu. Mwenye hoja moja hana cha kutafuta.

Hata hivyo unaweza kupotea tena, na ukipotea fanya hivi: fungua Biblia kwenye fungu la somo, ulisome upya taratibu, na mkalimani alisome kwa Kirundi. Hilo peke yake litakupa karibu dakika nzima, na hakuna atakayejua kwamba umepotea, wala hutakuwa umewadanganya, kwa maana Neno halijawahi kuwa kijazio. Wakati mkalimani anasoma, tazama kadi yako. Hapa mkalimani ni zawadi: kila sentensi yako ina mapumziko ndani yake. Kunywa maji. Pumua.

Hadithi za nyumbani kwako, zisimulie kwa ruhusa. Mwombe mumeo kabla, si baada, na watoto vilevile, hata wadogo. Mtoto wa mchungaji hakuchagua kuwa mfano wa mahubiri. Za washirika wako usizisimulie kabisa, hata ukibadilisha jina. Zamani tulidhani Kigoma ni mbali na Tabora. Leo ukumbini kuna simu mia za kurekodi, na kabla hujaketi kitini yule mama uliyemsimulia atakuwa amejisikia kwenye WhatsApp.

Mengine ni madogo. Fundi mitambo msalimie asubuhi ukumbi ukiwa mtupu, ujaribu kipaza sauti naye, ukishike chini kidogo ya kidevu, usikielekeze kwenye spika kikapiga mluzi. Umeme ukikatika usipige kelele. Waombe watu wasogee mbele, nawe ushuke jukwaani uwafuate. Nauli na malazi mmalizane na katibu kabla ya safari, kwa maandishi, na bahasha ikija mwishoni ipokee kwa shukrani bila kuitaja mimbarini.

Na kwa kuwa wewe ni mwanamke, kuna uwezekano mkubwa mshereheshaji akakutambulisha kama "mama mchungaji", na ukumbi ukaelewa kwamba mchungaji ni mumeo. Usimsahihishe kwa maneno mbele ya watu. Mwandikie mapema mistari miwili ya utambulisho umpe mkononi: jina, usharika, mwaka uliobarikiwa. Akikosea bado, anza somo lako kwa kusema, "Katika usharika ninaouchunga..." Watasikia.

Jambo la mwisho ni siku ya tatu. Wasemaji wengi wakishasema siku ya pili hupanda chombo alfajiri. Usiondoke. Rudi kwenye kiti chako cha nyuma, uwasikilize wenzako wa siku ya tatu kwa daftari wazi, hasa wale waliowekwa saa mbaya kama yako. Na wakati wa chai kaa mahali unapoonekana, peke yako, bila simu mkononi. Waliotaka kukuuliza jambo la nyumbani kwao hawakuweza kukujia mbele ya watu 600 siku ya pili. Walikwenda kulala nalo. Asubuhi ya siku ya tatu watakuja mmojammoja na vikombe vyao, wengine wakiwa na mtu wa kuwatafsiria, nao watasema wamekuja kukusalimia tu.